Mkono Begani

Mkurugenzi anataka kila mtu duarani.
Chati ya karakana ya tramu, hapa Liepāja:
visanduku ishirini na saba, mistari ikishuka kama mifereji,
na juu ya kila jina, uso.
"Nyuso zitabasamu," alisema, "na zilingane."
Kisha akaenda kula.

Nimebaki na kipanya, na theluji dirishani.

Kulinganisha nyuso si kazi ya kitoto.
Guntars kaleta picha ya pasipoti, macho ya mtuhumiwa.
Velta kaleta ya miaka ishirini iliyopita
na sina moyo wa kumuuliza.
Yule wa stoo kajipiga kwa simu, pua imetangulia,
nikimtia duarani anakuwa yai.
Programu haina haya: ukiiachia picha
itainyoosha mpaka ijae umbo,
mnene akonde, mwembamba avimbe,
shingo ya Velta irefuke kama ya bata maji.
Nimejifunza kushikilia kitufe cha herufi kubwa
na kuvuta kona, si ubavu.
Ukivuta ubavu unamharibu mtu.
Kona humkuza vile vile alivyo.

Nafika kwa Ilmārs, fundi wa breki.
Anayo picha moja tu, asema, nyingine hazitaki:
usiku wa Jāņi, taji la majani ya mwaloni kichwani,
shati limefunguka vifungo viwili,
na begani mwake, mkono.
Mkono wa mwanamke. Kucha fupi,
kovu la moto kwenye kidole gumba.

Naburuta picha kushoto: mkono unatoka,
na nusu ya taji inatoka nao.
Nakuza: limebaki sikio na tabasamu lisilo na sababu.
Napunguza: mkono huo umerudi,
umetulia pale kama mwenye nyumba.

Nilikuwa sijui jambo hili juu ya maumbo:
umbo halikati.
Miaka yote nilidhani ni mkasi, kumbe ni dirisha.
Bonyeza mara mbili, na picha nzima
inajitokeza nyuma ya duara,
imefifia kama kioo cha bafuni,
na huko nje ya ukingo, kijivu,
yupo Ausma,
aliyekuwa akikagua tiketi kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho,
anacheka kinywa wazi, jino la pembeni halipo.
Alikuwa hapo muda wote nikiburuta.

Alifariki Machi.
Kisanduku chake nilikifuta mwenyewe,
kwa kidole kimoja, kabla ya chai,
na mistari ikajipanga upya
bila hata kusogea kumpisha.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo.
Basi huu mkono?

Namsogeza Ilmārs kulia, kidogo,
kwa vishale vya kibodi, pigo moja moja,
mpaka uso ukae na bega likae
na vidole vinne viingie ndani ya mviringo.
Hayuko katikati. Hakuwahi kuwa katikati
tangu Machi, ukimtazama anavyokula peke yake
akiacha nafasi kwenye benchi.

Mkurugenzi amerudi, ananukia vitunguu.
"Huyu amekaa upande."
Ndiyo, namwambia.
"Na hicho begani?"
Ni sehemu ya picha.
Anatazama. Anakohoa. Anauliza kuhusu pua ya mtu wa stoo.

Saa kumi na moja nahifadhi kazi.
Programu inauliza, kwa upole wa karani mwenzangu:
je, nifute sehemu zilizojificha nje ya maumbo
ili faili liwe jepesi?

Nasoma swali mara mbili.
Tramu inapita chini, madirisha yanatetemeka.

Hapana.
Liwe zito.